Mlango wa Ghala la Marijani

Saa tano asubuhi. Chumba cha nyuma, duka la tambi, mji wa bandari wa Kaohsiung.

Kuo Te alitema popoo kwenye kikombe cha karatasi. Mate mekundu. Akagonga mchoro wa ghala kwa kidole.

"Watu wakitoka kula, tunaingia. Anabaki mlinzi tu. Milango inafunguliwa na huyu."

Huyu ni Shu-fen, mhandisi wa usalama wa mitandao, aliyefunga mitambo ya milango na kamera za ghala lile la marijani kwa mikono yake. Kazi yake ilikuwa kuwazuia watu kama hawa. Lakini Te alikuwa amemtumia picha: mdogo wake, Kai, kafungwa kitini, kisu shingoni. Afungue milango, la sivyo amzike.

Kai alikuwa pale mezani, kichwa chini.

"Kai anaingia na mimi," Te alisema. "Ukileta ujanja, anakufa yeye kwanza."

"Mzee Pan hataguswa?" Shu-fen aliuliza. "Mlinzi. Ni mtu mzima."

"Mimi si mchinjaji, dada."

Saa sita kasoro. Bandarini.

Shu-fen aliketi kwenye usukani wa gari nje ya ghala, kompyuta mapajani. Alikosea nywila. Akarudia. Skrini za kamera ofisini zikaganda. Picha halisi zikabaki kwake peke yake.

Wafanyakazi walitoka wakitaniana. Mzee Pan alifungua boksi lake la wali.

"Sasa," Te alisema simuni.

Mlango ukafunguka.

Aliwaona wakiingia. Pan akainua mikono, vijiti vya kulia bado vidoleni. Te akapita moja kwa moja, akaanza kujaza marijani begini.

Kai hakumfuata. Alichomoa bastola kiunoni mwake mwenyewe. Kai, mateka. Akampiga mzee kwa kitako cha bastola. Pan akaanguka juu ya wali wake.

"Ametuona sura," Te aliita, sauti ikisikika kupitia kamera.

"Endelea na mzigo, kaka. Huyu niachie mimi."

Shu-fen aliziba mdomo kwa kiganja. Pan alikuwa anatambaa kuelekea chumba cha walinzi, damu ikimfuata sakafuni. Kai alimfuata taratibu, kama mtu asiye na haraka.

Mguu wa mwisho wa mzee ukavuka kizingiti. Shu-fen akabonyeza. Mlango wa chuma wa chumba kile ukajifunga mbele ya pua ya Kai. Akabonyeza tena. Mlango wa mbele nao ukajifunga.

Simu ikalia papo hapo.

"Dada! Fungua! Te amenishika, kisu kiko shingoni! Ananiua, dada!"

Kilio kilekile cha utotoni, alipokuwa akiogopa radi na kuingia kitandani kwake. Kidole cha Shu-fen kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Akatazama skrini. Te alikuwa ameketi juu ya kreti, mbali, anatafuna popoo. Kai alimwashiria kwa mkono: subiri, atafungua tu.

"Kai," alisema. "Ile picha ya kitini. Nani aliipiga?"

Kilio kikakatika. Kai akainua uso kwenye kamera.

"Fungua, mjinga wewe. Umetuingiza mwenyewe. Tukifungwa, tunafungwa wote."

"Najua."

Risasi ikapiga mlango. Mwangwi ukalitikisa gari. Shu-fen alijikunja chini ya usukani, akawapigia polisi. Ilibidi aseme mara mbili ndipo aeleweke.

"Kuna watu wangapi ndani?" polisi aliuliza.

Nyuma ya mlango wa mbele Kai alikuwa anapiga mateke, anaita jina la dada yake.

"Mlinzi, ameumia. Yuko hai, leteni ambulensi." Akatazama skrini. "Na majambazi wawili."

"Na wewe ni nani?"

"Wa tatu. Niko nje, kwenye gari jeupe. Sikimbii."