Viazi Mahali pa Viatu

Jumamosi katika soko la San Pedro, mjini Cusco, hakuna anayepita bila kusukumwa. Siku hiyo aliyesukuma alikuwa Efraín Champi, kijana mrefu aliyebabuliwa uso na jua, kreti ya vitunguu begani na mfuko mkubwa wa mpira, uliochanika, mkononi. Aliyesukumwa alikuwa Yanet, fundi cherehani wa safu ya nyuma, sketi ya samawati, nywele misuko miwili, sindano mdomoni. Vitunguu vilimwagika mpaka chini ya cherehani yake.

"Kaka, hapa tunashona nguo, hatulimi," Yanet alisema.

"Nisamehe, dada fundi. Basi nishonee na huu mfuko, nikulipe usumbufu."

Yanet akauvuta, akachukua sindano. Efraín akamshika mkono haraka.

"Ukiuchoma umeuua. Mfuko wa mtoni hubandikwa kiraka kwa gundi. Tundu la sindano tu, maji yanaingia."

"Sasa kama haushonwi, umekuja kwa fundi kufuata nini?"

"Nilifuata vitunguu. Hayo mengine nimeyakuta hapa hapa."

Wauza jibini wa jirani walicheka, na Yanet akainama kuokota vitunguu ili asionekane naye anacheka. Kabla ya msimu wa mvua kwisha, soko zima lilijua kwamba nahodha wa maboti ya mpira ana mtu wake pale safu ya nyuma.

Kazi ya Efraín ilikuwa kuwateremsha wageni mto Tambopata, safari ya siku nyingi ya kupiga makasia mchana na kulala kwenye mahema mchangani. Kila alipokaribia kuondoka alipeleka mfuko wake kwa Yanet, akamfundisha kupakia. Nguo huviringishwa. Cha kutumika kwanza hukaa juu. Safari ile huanzia kwenye baridi ya kukata masikio na kuishia kwenye joto la msituni, Puerto Maldonado, kwa hiyo sweta huwa juu, na vitu vya mwisho wa mto hulala chini kabisa. Kisha unaukandamiza mfuko kwa magoti mpaka hewa yote itoke, unaukunja mdomo mara tatu na kuubana. Tena mtoni hubebi kitu usichotaka kilowe. Yanet alijua kufunga kuliko mwalimu wake. Juu ya kila kitu aliweka majani matatu ya koka, ambayo Efraín aliupa mto kama sadaka kabla boti halijasukumwa majini.

"Usipofunga wewe, mpenzi, nalala na soksi mbichi," Efraín alikuwa akimwambia.

"Ndiyo maana unanipenda, kwa ajili ya soksi."

"Kwa ajili ya soksi na ulimi wako."

Sasa, huko Puerto Maldonado ndiko walikokuwa wazazi wa Yanet. Baba yake, Don Hilario, alikuwa mwenyeji wa Paucartambo, nchi ya viazi, akateremkia msituni kutafuta maisha akazeekea huko. Moyo ulimsumbua, na daktari alimkataza kupanda tena milimani. Kila Jumapili kwenye simu alimwuliza bintiye jambo lile lile: huyo wa kukutunza nitamwona lini? Mimi si wa mwakani. Yanet alijibu kwa utani. Efraín, aliyekaa kando akimenya karanga, alisikia yote.

Efraín alikuwa yatima, hakuwa na wa kumtanguliza kuposa. Na kwao, mwanamume anayekwenda kuomba mke peke yake hatangazi. Akikataliwa, aibu hiyo huibeba mwenyewe. Akanyamaza. Na kunyamaza huko, jamani, ndiko kulikowaponza.

Mfuko ulipoletwa kwa safari iliyofuata, Yanet alikuta kitako chake kimeshapakiwa. Alifungua bahasha ya plastiki iliyokuwa chini kabisa. Viatu vyeusi vya ngozi, vipya. Shati jeupe. Shali ya kike ya kufumwa, nyekundu, ya bei. Vyote vya mwisho wa mto. Doña Felícitas wa jibini alichungulia, akasema wanaume wa mtoni ndivyo walivyo, nyumba huku na nyumba kule.

Jioni Yanet alimwuliza, "Viatu vya ngozi vya nini mtoni?"

Efraín akatabasamu. "Utajua nikirudi."

Laiti asingetabasamu. Yanet alirudi kwenye mfuko. Alitoa viatu, shati na shali, akajaza bahasha ile viazi vya Paucartambo alivyonunua kwa chakula cha jioni, uzito ule ule. Huyo wa huko akamenye, alisema moyoni. Akaukandamiza mfuko kwa magoti kuliko siku zote. Majani matatu akayatia mfukoni mwa aproni yake.

Siku maboti yalipotarajiwa kufika, alizima simu. Hakutaka kusikia sauti ya Efraín. Aliiwasha kesho yake mchana, akakuta amepigiwa na Efraín, na mama yake, na Efraín tena, na mama yake mara nyingi. Akampigia mama.

"Mama, kuna nini?"

"Baba yako ametutoka, mwanangu. Jana alasiri. Alikuwa anataka kusema nawe, huyo kijana wako amekaa naye."

Hasira hasara. Yanet alikata tiketi ya basi la kwanza la Puerto Maldonado, mapajani kakumbatia kifurushi cha shati, shali na viatu, akalia kuanzia kwenye theluji mpaka kwenye migomba.

Efraín alimkuta kituoni. Alikuwa na kandambili za mtoni, suruali imekunjamana. Hawakukumbatiana mara moja.

"Ulikwenda kuniposa," Yanet alisema.

"Na viazi. Nilifungulia bahasha uani kwenu, nivae. Nikaona viazi, nikaona na majani hayamo, nikajua umekasirika. Niliingia hivi hivi, miguu wazi."

"Baba akasemaje?"

"Aliviona mikononi mwangu. Akavinusa. Akasema vichemshwe. Alikula viwili na chumvi, Yanet, mama yako anasema alikuwa hajala siku mbili. Akaniuliza ni nani aliyevifunga. Nikamwambia ni wewe. Akasema, binti yangu amenikumbuka. Akasema, mchukue. Ndipo tukaanza kukupigia."

"Nilivitia kwa hasira."

"Najua. Sikumwambia."

Yanet alilia mbele ya abiria wote bila kujifunika uso. Kisha, kwa kuwa maziko yalikuwa jioni ile, alifungua kifurushi. Alimpa Efraín shati. Shali alisema atampelekea mama mwenyewe. Akatoa majani matatu, yaliyokwisha kukauka, akayashika ya kuweka juu ya kaburi. Halafu akapiga magoti pale chini, akamvalisha Efraín viatu vya posa, akazikaza kamba vizuri, wakaenda kumzika aliyewapa ruhusa.