Mkono Juu ya Gia

Siku ya kwanza Tazawa Kiichi alidhani ni kiganja chake mwenyewe kilichokuwa na joto. Aliingia garini asubuhi, banda limeganda kwa baridi, kioo cha mbele kimeshika sakitu hadi kwa ndani, na pumzi yake inatoka kama moshi. Usukani ulikuwa baridi ya kuuma vidole. Akashika kirungu cha gia, akakikuta kina joto. Halikuwa joto la jua, kwani jua lilikuwa halijachomoza. Lilikuwa joto la kitu kilichoshikwa muda mrefu na mtu aliyeondoka sasa hivi.

Akatoa mkono, akautazama. Akakishika tena. Joto lilikuwa palepale.

Hakuogopa hata kidogo, na hilo alikuja kulijutia. Alitabasamu, akasema kwa sauti ndogo, "Mitsuyo?"

Kiichi alikuwa na miaka sitini na mitatu, dereva wa basi aliyestaafu katika mji mdogo wa Tsugaru, pale mashamba ya tufaha yanapoanza kupanda mlima. Mitsuyo alikuwa mkewe. Alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na hawakujaliwa mtoto. Walichokuwa nacho ni gari: la milango miwili, chini kama kobe, injini kali, walilolinunua ujanani wakati wenzao wenye akili wananunua viwanja. Huko usukani uko kulia na gia iko mkono wa kushoto, na Mitsuyo, akikaa kiti cha kushoto, alikuwa na tabia ya kuweka kiganja chake juu ya mkono wa mumewe ulioshika gia. Kwa miaka ishirini na saba, hakuna gia iliyoingia kwenye gari lile bila mikono miwili.

Vuli ile gia ya tatu ilianza kusaga meno. Kiichi akalipeleka gari kwa Kasai Eisaku, rafiki yake tangu shule, mwenye yadi ya magari mabovu nje ya mji.

"Imekula pete za gia ya tatu," Eisaku alisema kutoka chini ya gari. "Na hizo pete kiwandani waliacha kuzitengeneza zamani, wewe ungali na nywele."

"Ushindwe. Nipe njia."

"Njia ziko tatu. Ya kwanza, nimpe fundi wa kuchonga vyuma azichonge moja moja. Utasubiri mpaka mwakani kiangazi."

"Mwakani nitakuwa nimekufa."

"Basi ya pili, hii hapa." Eisaku alitambaa nje, akalipiga teke la mapenzi gia boksi moja nene lililotoka kwenye gari jipya zaidi. "Gia sita. Hiki chuma haswa, hakivunjiki hata ukiendesha kwa hasira. Ila ni refu kuliko lako. Nitakata sakafu, nifupishe propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, na gia itasogea nyuma kama shubiri moja."

Kiichi akaingia garini, akanyoosha mkono wa kushoto hadi pale gia itakapokuwa. Kisha akakitazama kiti cha kushoto. Mtu aliyekaa pale hangefika bila kupinda bega.

"Silitaki."

"Hulitaki nini? Ndugu yangu, mwenye akili zake anachukua hilo. Kwani nani atakaa hapo..." Eisaku akajikatiza, akainamisha macho.

"Ya tatu je?"

Eisaku alijivuta kidogo. Kule nyuma ya yadi, chini ya turubai la buluu, lilikuwapo gia boksi pacha wa lile lililoharibika. Ganda lake halikuwa hata na kutu.

"Limetoka wapi?"

"Gari lenyewe lilikuwa limekwisha. Hili tu ndilo zima. Nimelifungua, ndani safi kama bakuli la sherehe."

"Nimeuliza limetoka wapi, Eisaku."

"Milimani huko," akasema, akageuka kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Kiichi akachagua hilo, Eisaku akalifunga.

Baada ya ile asubuhi ya kwanza, joto lilikuja kila siku. Halafu likaja na uzito. Kiichi akibadilisha gia alihisi kitu kikikaa juu ya vidole vyake, taratibu, kama mtu anayeomba ruhusa. Akaanza kutoka bila safari. Akaanza kuzungumza: bei ya tufaha, goti lake, nani kafa mtaani. Wakati mwingine alikaa bandani injini imezimwa, mkono kwenye gia, mpaka chai aliyoiacha jikoni ikapoa.

Jirani yake, Osanai Haru, aliyekuwa shoga wa Mitsuyo, alimletea figili za kuchachusha siku moja akamkuta humo.

"Shemeji, una mgeni?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Nimesikia unaongea. Halafu ukanyamaza kama mtu anayejibiwa."

Kiichi aliona haya, lakini alikuwa hajaongea na mtu wiki nzima, na maneno yakamtoka yote. Bi. Haru hakucheka. Mumewe alianguka kutoka kwenye ngazi ya kuchumia tufaha akafa, mwaka wa tisa sasa.

"Anakushika kabisa?" akauliza, sauti chini. "Vidole unavisikia?"

"Vyote."

Bi. Haru aliitazama mikono yake mwenyewe, iliyopasuka kwa baridi. "Bahati yako," akasema, akaenda zake na bakuli la figili akiwa bado amelishika.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba harufu ilipoanza. Ilitoka chini ya ngozi inayozunguka gia: harufu ya oili, na chini ya oili harufu ya matope, matope ya mahali ambapo jua halifiki. Kisha gia zenyewe zikawa na matakwa. Akielekea mjini, ya pili iligoma mpaka ailazimishe kwa bega. Akielekea mlimani, zote ziliteleza kama siagi. Siku moja alitoka kwenda kununua mafuta ya taa ya jiko, akaja kuzinduka yuko mbele ya lango la barabara ya mlimani iendayo bwawani, lile linalofungwa theluji ikianza, pua ya gari imegusa chuma, na gia inatetemeka chini ya kiganja chake kama ndama aliyefungiwa nje ya zizi la mama yake.

Mitsuyo aliichukia barabara ile. Alikuwa akifumba macho tangu kona ya kwanza.

Kiichi alirudi nyumbani na wazo hilo likimtafuna, na asubuhi yake akaenda kwa Bi. Mikami Tsuya. Huyu alikuwa kikongwe kipofu wa kijiji cha juu, mmoja wa wale wachache waliobaki wanaoita wafu. Alimkaribisha sebuleni, akauliza jina la marehemu na siku aliyokufa, akaanza kusugua tasbihi yake ndefu ya mbegu nyeusi, huku akiimba kwa pumzi moja ndefu. Kisha akanyamaza. Alipofungua kinywa tena, mabega yake yalikuwa yamekaa upande, kama alivyokuwa akikaa Mitsuyo.

"Kiichi. Umekonda."

Kiichi akalia palepale. "Nilijua ni wewe. Kila siku nakuhisi."

"Unanihisi wapi?"

"Garini. Mkono wako."

"Mimi tangu nife sijaingia kwenye gari lako," ile sauti ikasema polepole. "Kiichi, kiti changu umempa nani?"

Bi. Tsuya aliporudiwa na nafsi yake, alimkamata mkono wa kushoto, akaunusa kiganja, akausukuma mbali. "Usiliendeshe tena gari hilo, mwanangu. Liache hapa, panda basi."

Kiichi alifika kituoni kwa miguu. Basi lilikuwa la dakika arobaini baadaye, na theluji ilikuwa imeanza kudondoka. Alijiambia kwamba ni kilomita kumi na moja tu, akalirudia gari. Ukweli ni kwamba alitaka kushikwa mara moja ya mwisho, ingawa sasa alijua kwamba si mkewe.

Ulikuwa mchana, lakini mchana wa theluji, mbingu na ardhi rangi moja. Kwenye njia panda alikata usukani kulia kuelekea mjini, na kabla hajakanyaga klachi ule mkono ukafumba juu ya wake, si kwa kuomba ruhusa tena bali kwa kubana, ukaivuta gia kutoka ya tatu hadi ya pili, na gari likayumba, likageuka lenyewe kwenye barafu, likaingia barabara ya mlimani, na lango ambalo lilikuwa limefungwa jana yake lilikuwa wazi kwa ajili ya magari ya watu wa bwawa, nalo likapita nyuma yake kama kitu kilichoonwa ndotoni. Alijaribu kuutoa mkono, haukutoka. Akakanyaga breki, magurudumu yakateleza. Na chini ya ile ngozi ya gia maji yakaanza kupanda, ya kahawia, ya baridi iliyochoma mfupa, yakimwagika kwenye suruali yake na kwenye kiti cha kushoto, na kile kiti kikabonyea, kikashuka taratibu kama kinavyoshuka kiti mtu anapokaa, na kutoka upande ule akasikia pumzi ya mtu aliyeibana kwa miaka mingi, na mbele yake, kati ya miti, barabara ikaisha na mteremko wa kushushia mashua ukaanza, na chini ya mteremko maji ya bwawa, meusi, yakimeza theluji bila sauti.

"Siji!" Kiichi akapiga kelele. "Sikujui! Siji na wewe!"

Kwa mkono wa kulia akazima ufunguo. Kisha akaupitisha mkono huohuo mbele ya kifua chake, akaikamata breki ya mkono, akaivuta kwa nguvu zote alizobaki nazo. Gari likapinda, likasimama magurudumu ya mbele yakiwa majini.

Wafanyakazi wa bwawa walimkuta baada ya saa nzima. Ilibidi wawe wawili kumfungua vidole.

Eisaku alikuja na gari la kuvuta, na wakiwa njiani akaungama bila kuulizwa. "Gari lenye lile gia boksi lilitoka humu bwawani, mwaka wa ukame. Lilikaa chini miaka kumi na tisa. Mwenyewe alikuwa ndani bado. Gia boksi nililifungua halina tone la maji, na mimi, mjinga, nikafurahi."

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake. Hakuna aliyejitokeza kumchukua."

Eisaku alitaka kuliyeyusha lile gia boksi. Bi. Tsuya akakataa: mtu haponywi upweke kwa moto, lizikeni kama mnavyozika ndugu. Wakalichimbia shimo nyuma ya hekalu dogo la kijiji, kikongwe akalisomea tangu asubuhi mpaka sauti ikamkauka, wakamwaga chumvi ya kutakasa, wakazungushia kamba ya majani ya mpunga. Eisaku akamfungia Kiichi lile la gia sita, akakataa hata kusikia habari ya malipo. Gia yake ilikuwa baridi asubuhi, baridi jioni. Kiichi alilia juu yake mara moja, kisha akajifunza kuendesha peke yake. Habari yote alimsimulia Bi. Haru, mpaka mahali lilipozikwa, ili naye aogope.

Februari, theluji ikiwa imefika kwenye vipaa vya nyumba, alikwenda hekaluni mchana kupeleka chumvi na kikombe cha mvinyo wa mchele. Nyayo za mtu zilikuwa zimemtangulia. Si za siku moja. Zilikuwa zimekanyaga njia. Akazifuata mpaka nyuma ya hekalu, akasimama.

Pale kati ya kamba, theluji ilikuwa imeyeyuka, eneo la ukubwa wa sinia, udongo mweusi umelowa unafuka mvuke. Bi. Haru alikuwa amepiga magoti. Glavu moja ameivua, kiganja chake amekilaza kwenye udongo, na uso wake ulikuwa mchanga kuliko alivyowahi kuuona.

"Shemeji," Kiichi akanong'ona. "Toa mkono. Si yeye. Nakuapia, si mumeo."

"Najua," Bi. Haru akasema bila kugeuka. "Ngoja kidogo. Ndiyo kwanza amenishika."

Vidole vyake vilikuwa vimeshazama kwenye matope hadi kwenye vifundo. Kiichi akakitupa kikombe, akapiga magoti nyuma yake, akamkumbatia kiunoni, akaanza kuvuta.