Wageni wa Mama Eulalie

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya mizabibu Bertille alipozima gari mbele ya nyumba ya Mama Eulalie. Alikuja kwa jambo dogo tu: kumwambia bibi huyo kwamba wageni wa Kanada hawatakula kwake.

Yeye na mwenzake, Loïc, walikuwa wanapanga safari ya chakula na mvinyo katika vijiji vya Berry, katikati ya Ufaransa. Mama Eulalie alikuwemo tangu mwanzo, kwa jibini yake ya mbuzi na dengu anazochemsha taratibu juu ya kuni. Lakini asubuhi ile Loïc alimcheka.

"Yule bibi mchawi? Mbuzi wanapita jikoni kwake kama wenye nyumba. Watu wanakuja kula, Bertille, hawaji kuaguliwa."

Bertille naye akacheka. Hakusema kwamba amekulia katika jiko hilohilo. Wala hakusema kwamba baba yake, Marcelin, alipougua, Mama Eulalie ndiye aliyemlisha kwa kijiko mpaka alipokata roho.

Mlango ulikuwa wazi. Meza ndefu ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, sahani na glasi tayari.

"Nilikuwa najaribu meza itakavyokaa," alisema Mama Eulalie. "Keti uonje."

"Mama... wale wageni wameghairi. Hawaji tena."

Uongo ulimtoka laini kabisa. Mama Eulalie alimtazama kidogo.

"Wote?"

"Wote."

"Haya. Chakula nimeshapika. Nitaita wangu."

Bertille alitoka upesi, uso ukimwaka. Alipofika kwenye gari akakumbuka skafu yake ameiacha juu ya kiti. Akarudi.

Ndipo akasikia vijiko.

Vijiko vingi, vikigonga sahani... taratibu... Wala hapakuwa na sauti ya mtu. Harufu ya dengu ilikuwa imekwisha. Badala yake palinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi.

Akachungulia dirishani.

Meza ilikuwa imejaa.

Watu wa nguo za zamani, wameinamia sahani zao. Karibu na jiko alikaa mwanamume mwenye kofia ya kazi, bega moja limeshuka kuliko lingine. Bega lile Bertille alilijua. Alikuwa amebeba jeneza la mwenye bega hilo.

Walaji wote wakainua vichwa, wakamtazama.

Baba yake peke yake hakugeuka. Aliinama zaidi, akajifunika uso kwa kiganja.

Mama Eulalie alikuwa anammiminia mvinyo. Akanong'ona, bila kutazama dirisha:

"Mwache. Anaona haya."

Bertille hakukumbuka alivyoendesha gari mpaka nyumbani. Kulipokucha alirudi. Mama Eulalie alikuwa ameketi kizingitini peke yake, skafu imekunjwa mapajani.

"Nilikudanganya, Mama. Wageni wanakuja. Niliogopa watanicheka kwa ajili yako."

"Najua, mwanangu."

"Jana walikuwa nani?"

"Jana nilikula peke yangu. Nilikuwa na huzuni."

Lakini nyuma yake karai lilikuwa limejaa glasi pomoni, zote zina madoa ya mvinyo.

"Na baba?"

Mama Eulalie alimkabidhi skafu. "Mimi nimekusamehe. Yeye sijamuuliza."

Bertille alimwambia Loïc kwamba bila nyumba ile hakuna safari, na Loïc akakubali kwa kunung'unika. Wageni walikuja wakati wa kuvuna zabibu. Walikula, wakaomba kuongezwa, vicheko vyao vikasikika mpaka barabarani. Lakini Bertille aliwafikisha mlangoni tu, akasema ana simu ya kupiga, akarudi kukaa garini.

Loïc alimfuata, mdomo bado unatafuna.

"Mbona huingii? Bibi anakuulizia. Amekuwekea kiti karibu na jiko."

Bertille alitaka kumwambia. Alifungua mdomo kabisa.

"Harufu ya mbuzi," akasema. "Siiwezi."

Loïc akacheka, akarudi ndani.

Gari likawa kimya. Kisha, polepole, kutoka kiti cha nyuma, ikamfikia harufu ya udongo mbichi... Bertille akainamisha kichwa, akajifunika uso kwa kiganja.