Kiti cha Koridoni

"Kiti chako kikivuka tena mlango wangu, nakitupa chini," alisema mwalimu wa nidhamu.

"Kitupe. Halafu ukifuate."

Korido nzima ya ghorofa ya tatu ilitega masikio. Mshonaji wa chumba cha pembeni alisimamisha cherehani asipitwe na neno. Mama mwenye nyumba alijitia kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Mwanamke aliyesimama katikati, gauni la samawati, mikono kiunoni, alikuwa mwanachuo wa ualimu, yuko kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule ile ile anayofundisha huyu mwalimu wa nidhamu, jirani yake. Kila jioni alipanga viti vya plastiki koridoni akajizoeza kupokea wanafunzi: anakitazama kiti kimoja kimoja, anakiuliza kwa sauti ya chini, "Umekujaje leo?" Chuoni waliambiwa kwamba mtoto mwenye jambo zito kifuani, hata umwandikie ubao mzima, haoni kitu.

"Mtu mzima anaongea na viti," mwalimu wa nidhamu alisema. Wanafunzi walimwita Filimbi, kwa ile filimbi isiyobanduka shingoni mwake. "Ongeza na makabati basi, upate darasa kubwa."

"Viti vinasikia kuliko wewe."

Na hawa watu walikuwa wanapendana. Walidhani ni siri. Korido ilijua tangu mwanzo. Walikutana kwa mpiga fotokopi, duka limefurika, mwanamume akaruka foleni, mwanamke akamrudisha nyuma kwa ukosi wa shati. Kabla foleni haijaisha walikuwa wamepeana namba. Tangu hapo walipigiana simu huku wametenganishwa na ukuta mmoja tu.

"Kata wewe kwanza, mpenzi."

"Aa, wewe kwanza, roho yangu."

Mpaka mshonaji akagonga ukuta: "Kateni wote wawili, watu tuna kazi."

Mambo yaliharibika juzi, mkufunzi wa chuo alipokuja kumtahini mwanachuo darasani. Msichana mmoja wa nyuma alilala juu ya dawati. Mwanachuo alijua kwa nini: binti huyo anakesha akimuuguza mama yake. Akamwacha, akipanga kukaa naye pembeni wakati wa mapumziko. Lakini Filimbi, aliyepewa kazi ya kumsimamia mwanachuo hapo shuleni, alikuwa amekaa nyuma. Akapuliza. Darasa likaruka, msichana akaamka analia.

"Mwalimu, hujui kitu," mwanachuo alisema mbele ya wote. "Toka nje."

Watoto wakacheka. Filimbi akatoka.

Kesho mkufunzi angerudi kumuuliza Filimbi jambo moja: huyu afaulu, au arudie mwaka?

"Nitamwambia ukweli," Filimbi alisema sasa. "Huna heshima."

"Mwambie. Usisahau kipengele cha kuliza watoto."

"Tangu juzi nikipita wananiambia 'toka nje'. Hata wale wadogo, wenye mapengo."

Mshonaji alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Mwanachuo alikuwa na jibu kali tayari mdomoni, ila macho yake yakatua kwenye shingo ya mwanamume. Ilikuwa tupu. Ile filimbi haikuwapo.

Akalimeza lile jibu. Alikuwa amefundishwa asimkaripie mtoto mbele ya wenzake, akalishika hilo kama sala. Kisha kosa hilo hilo akamfanyia mpenzi wake.

"Sikupaswa kukusema mbele yao," alinong'ona.

"Sikusikii. Juzi sauti ilikuwepo."

Fagio la mama mwenye nyumba likasimama. Mwanachuo akavuta pumzi, akasema hadi ngazi zikasikia: "Nilikukosea mbele ya watu. Nisamehe mbele ya watu. Hawa hapa, wamejaa."

Mwanamume alikuna shingo yake tupu. "Yule binti nimemuomba radhi leo, getini. Nikamuuliza lile swali lako la viti."

"Umelijulia wapi?"

"Ukuta huu wa karatasi. Kila jioni nakusikia kama redio mbovu."

"Akasemaje?"

"Kwamba amechoka. Basi. Nikakosa la kuongeza."

"Huongezi kitu. Unakaa naye tu."

"Nilikaa. Kengele ya kipindi ikanikuta hapo hapo." Sauti yake ilikuwa bado kavu. "Kesho nitasema unafaa kufundisha. Na nitamwambia pia mdomo wako ni wembe, kwa sababu ni kweli."

"Sema. Nami nitamwambia umejifunza kutoka kwa viti."

Walitazamana kama watu wanaotaka kurushiana kitu. Harufu ya vitunguu ilitoka mlangoni, na nyuma yake sauti ya shangazi wa Filimbi, anayekaa naye: "Baba, mchuzi unapoa. Huyo mtu wako anakula au anaendelea kugomba?"

Filimbi akaangalia ndani, akaangalia kiti cha plastiki kilichovuka mlango wake.

"Viti vyetu ni viwili tu," alisema. "Beba hicho chako, uingie tule."