Kidole Kisicho na Kazi

Dole la chuma liliinuka juu ya kidole gumba cha Lameki, likasita kidogo kama nyoka anayesikiliza, kisha likagusa uzi mnene kuliko zote. Ukumbi wa Chuo cha Nyuzi ukatetemeka. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti nzito iliyotoka chini kabisa, na wanafunzi waliokaa mbele wakajikuta wameweka mikono vifuani bila kuambiwa na mtu.

"Mungu wangu," alisema Profesa Gwandumi, mkuu wa chuo. Hakuwa mtu wa kulitaja jina hilo ovyo.

Pembeni mwa jukwaa alisimama Mhandisi Perisi Ndahani, dada yake Lameki, akishukuru kimoyomoyo. Lile dole lilikuwa mtoto wake. Alilibuni, akaliunda, akalipa jina: dolebesi. Lilifungwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, likapita juu ya kidole gumba na kuzifikia nyuzi saba za ziada zilizopachikwa kwenye ubao mwembamba ubavuni mwa gitaa. Hapakuwa na waya wala kitufe. Mpigaji alikusudia tu, nalo likapiga.

Muziki aliokuwa akiupiga Lameki ulikuwa wa zamani mno. Ulitungwa Ulaya kwa ajili ya liuti, ndugu wa udi wetu wa pwani, chombo chenye tumbo la mviringo kama tikiti lililopasuliwa. Liuti ya wakati ule ilikuwa na safu kumi na tatu za nyuzi. Gitaa lina nyuzi sita tu. Anayetaka kuupiga muziki huo kwenye gitaa lazima kwanza aupange upya, na kazi hiyo ni kama kuuhamisha ukoo mzima kutoka nyumba kubwa kwenda chumba na sebule. Wapo watakaobanana, wapo watakaolala juu ya wenzao, na wapo watakaoambiwa kwaheri. Wanaoambiwa kwaheri mara nyingi ni besi, zile sauti nzito za chini.

Perisi alikuwa ameifanya kazi ya kupanga tangu ujana wake. Alikata besi hapa, akaipandisha nyingine pale, na kila alipokata alijiona kama mtu anayemziba mwenzake mdomo katikati ya sala. Ndipo siku moja alipokitazama kidole cha mwisho cha mkono wa kulia wa mdogo wake. Wapiga liuti wa kale walikiegemeza kidole hicho juu ya chombo ili mkono utulie. Wapiga gitaa hawakitumii hata kwa hilo. Wanapiga kwa vidole vinne, na hicho cha tano kinaning'inia tu hewani.

"Kidole kile hakina kazi," Perisi aliwaambia wakuu wa chuo. "Tuazime neva yake."

Walicheka, wakapiga makofi, wakakubali. Basi chini ya ngozi ya kifundo cha Lameki kikapandikizwa kisomaneva, chombo kidogo kama punje ya mtama. Kilisikiliza amri ya ubongo iliyokuwa ikienda kwenye kidole cha mwisho, kikaichukua na kuirusha hewani mpaka kwenye dolebesi. Dole likivuliwa, kisomaneva kilitakiwa kuiachia neva irudi kwa mwenyewe. Ndivyo alivyokipanga Perisi, na ndivyo alivyoamini.

Baada ya mazoezi hayo ya tamasha, wifi yake Perisi, Foibe mke wa Lameki, aliingia na chupa ya chai, mtoto mgongoni.

"Wifi, unamwona huyu?" alisema Foibe. "Mtoto nimebeba mimi, kapu nimebeba mimi, gitaa nitabeba mimi. Yeye amebeba kucha."

"Kucha ndizo zinazokulisha, mama Damari," alijibu Lameki, akipokea kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Hata chumvi mezani anachota kwa kushoto! Nikimpa ndoo ananitazama kama nimemtukana."

Wakacheka wote. Wapiga gitaa ndivyo walivyo. Kucha za mkono wa kulia ndizo zinazokwaruza nyuzi, na ukucha ukivunjika leo, kesho hakuna muziki. Kwa hiyo mkono wa kulia hutunzwa kama yai. Haubebi, haufungui vifuniko vya chupa, haukamui nguo.

Profesa Gwandumi alimsogelea Perisi. "Mhandisi, hawa vijana wangu wa mwaka wa mwisho hawalali. Kila asubuhi ni swali moja, zamu yetu lini?"

"Baada ya tamasha, Profesa. Niache kwanza nimtazame Lameki."

"Aa, sawa mama, sawa," alisema Profesa, akatabasamu kama mtu aliyeficha pipi mfukoni.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya kumbatiza Damari. Nje ya kanisa vifagizi vilipita vyenyewe barabarani vikifyonza vumbi la Dodoma, na magari yasiyo na dereva yalishusha waumini mlangoni. Ndani mambo yalikuwa kama yalivyokuwa siku zote: jiwe la ubatizo, maji, na kasisi mwenye sauti ya kukwaruza. Perisi alikuwa mama wa ubatizo. Alikuwa amefunga na kuomba tangu asubuhi, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Katika kanisa lile ni baba anayemkabidhi mtoto. Foibe akamfungua Damari mgongoni, akamweka mikononi mwa mumewe. Kichwa kililala kwenye mkono wa kulia. Lameki akapiga hatua, akanyoosha mikono juu ya jiwe.

Mtoto akateleza.

Hakurukaruka, hakulia. Aliteleza tu upande wa kulia, kama maji yanavyoteleza kwenye jani la mgomba, na Lameki akabaki amenyoosha mikono, uso wake umetulia kabisa, kama mtu anayeamini bado amemshika. Kichwa cha mtoto kikagonga ukingo wa jiwe. Perisi hakujua alifikaje. Alijikuta amepiga magoti, amekamata kitambaa cheupe kwa ngumi, na ndani ya kitambaa Damari akining'inia shibiri moja kutoka sakafuni.

Kanisa lote likasema "Yesu!" kwa mara moja. Kisha Damari akalia, na kilio kile kikawa kitu kizuri kuliko muziki wote aliowahi kuusikia Perisi.

"Umemwachia!" Foibe alipiga kelele. "Lameki! Umemwachia mwanao!"

"Sijamwachia." Lameki aliutazama mkono wake wa kulia. "Dada, sijamwachia. Nimemkaza. Nilimsikia nimemkaza."

Perisi aliyasikia maneno hayo, akautazama mkono ule. Daktari aliyekuwa miongoni mwa waumini alimpima Damari, akasema ni uvimbe tu, apelekwe hospitali kwa uhakika. Foibe akaondoka na mtoto pasipo kumtazama mumewe. Perisi akamshika Lameki mkono, akamwingiza kwenye gari, akaliamuru liende maabara.

Njiani Perisi alijaribu kusali, lakini neno lililomjia lilikuwa moja tu, na alilirudia mpaka walipofika: isiwe, isiwe, isiwe.

Dolebesi lilikuwa ndani ya sanduku lake, mahali alipoliweka yeye mwenyewe siku ya mazoezi, limenyooka juu ya kitambaa laini cha mahameli. Alibonyeza kufuli. Akafunua kifuniko.

Dole halikuwa limenyooka. Lilikuwa limejikunja kama ndoano, na katikati ya kunjo hilo lilikuwa limekikamata kile kitambaa. Lilikikamata kwa nguvu kiasi kwamba ncha ya chuma ilikuwa imetoboa mahameli na kuingia kwenye ubao wa sanduku.

Lameki aliinama, akaligusa lile kunjo.

"Kumbe nilimshika," alisema taratibu. "Nilimshikia huku."

Perisi akakaa chini sakafuni. Sasa alielewa yote, na kuelewa hakukumsaidia. Kisomaneva hakikuwa kimeiachia neva. Ubongo, baada ya miezi ya mazoezi, ulikuwa umezoea njia mpya na kuisahau ile ya zamani, kama maji ya mvua yanavyohama korongo. Mtandao wa jiji, unaofika kila pembe, ulikuwa umeibeba amri ya baba kutoka kanisani mpaka kwenye sanduku lililofungwa. Na kidole kile cha mwisho, ambacho gitaa halikihitaji, ndicho kinachoufunga mkono unaposhika kitu. Bila hicho mkono ni kikapu kilichotoka ukingo.

"Mbona hukuniambia unaangusha vitu?" aliuliza.

"Vitu gani, dada? Nimebeba nini mimi kwa mkono huu tangu nizaliwe?"

Ukoo mzima ulikuwa umeutunza ule mkono, na kwa kuutunza hakuna aliyejua kwamba umekufa nusu. Perisi mwenyewe aliupima kila wiki: kasi, wepesi, usahihi wa kila sauti. Alipima mkono unaopiga. Hakupima mkono unaoshika.

"Kesho tunakitoa," alisema.

"Baada ya tamasha."

"Lameki!"

"Nisikilize kwanza." Lameki aligeukia sanduku. "Tangu utoto napiga muziki wenye mapengo. Juzi nimeusikia mzima. Unajua ni kitu gani kuusikia mzima?"

"Najua. Ndiyo maana nililitengeneza." Perisi alimgeukia. "Na mwanao nimemsikia akigonga jiwe. Hilo nalo ulilisikia?"

Lameki akainamisha kichwa. Baadaye akauliza, "Kikitolewa, neva itarudi?"

"Sijui."

"Mhandisi mzima, hujui?"

"Sijui, mdogo wangu. Naomba kwa Mungu irudi."

Lameki alilia kidogo, kisha akafuta uso kwa kiwiko, maana hata katika kilio alikuwa bado anazichunga kucha. Perisi akamletea gitaa la kawaida, lenye nyuzi sita. Akaulegeza uzi wa tatu, ili vidole vya kushoto vikae kama vinavyokaa kwenye liuti. Akakaa karibu naye, na wakaanza upya, sentensi kwa sentensi, kuamua nani abaki na nani aambiwe kwaheri.

"Hii naikata," Perisi alisema.

Lameki akapiga. Akafika mahali pale, pakawa kimya palipokuwa na besi. Akasimama.

"Umeikata kweli?"

"Ndiyo."

"Mbona bado naisikia?"

Akarudia. Perisi naye aliisikia. Sikio lilikuwa limesikia sauti zikishuka kama ngazi, na lilipofika chini likaiweka lenyewe ile ya mwisho. Miaka yote alikuwa ameyaona mapengo hayo kama makaburi. Sasa aliona kwamba yalikuwa nafasi iliyoachwa kwa ajili ya msikilizaji, na kwamba angeweza kuliona hilo mapema kama angesikiliza kwa unyenyekevu zaidi. Machozi yakamtoka, lakini hakuacha kukata.

Kesho yake, hata kabla ya kwenda hospitali kukitoa kisomaneva, walifika ofisini kwa Profesa Gwandumi. Lameki akapiga kwa nyuzi sita. Profesa alisikiliza huku amefumba macho.

"Safi sana," alisema. "Lakini dole liko wapi?"

Perisi akamweleza. Alieleza kwa maneno machache, bila kujitetea: jiwe la ubatizo, sanduku, mahameli. Alipomaliza aliongeza, "Kosa ni langu. Nimekuja kukuomba mradi huu ufe leo. Asiguswe mwanafunzi hata mmoja."

Rangi ya uso wa Profesa Gwandumi ilibadilika, ikawa kama majivu. Aliushika ukingo wa meza.

"Ulisema kidole kile hakina kazi," alisema hatimaye.

"Nilisema."

"Ulisema mbele ya watu wote, Mhandisi. Na mimi nikawaambia vijana."

"Profesa." Perisi alisimama. "Umefanya nini?"

Kabla hajajibu, mlango uligongwa, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakaingia wakisukumana na kucheka chinichini, kila mmoja na gitaa lake begani, upande wa kushoto. Mbele alikuwa Sekela, binti mrefu mwenye kicheko cha karibu. Walikuwa wamesikia muziki, wakadhani muda wa siri umeisha.

"Shikamoo, Mwalimu Perisi! Profesa, tumwambie sasa?" Hakungoja ruhusa. "Mwalimu, tulitaka iwe zawadi yako siku ya tamasha. Tumepandikizwa mwanzoni mwa muhula! Tunafanya mazoezi kila siku kwa madole yako ya akiba. Tutapiga wote pamoja, besi zote, hakuna hata moja iliyokatwa!"

Akakunja mkono wa sweta. Kwenye kifundo chake palikuwa na kovu dogo, safi, lililokwisha kupona. Wenzake nao wakakunja mikono yao, wakicheka kwa fahari.

Lameki akageukia ukutani. Profesa alikuwa amefunika uso kwa viganja.

Perisi alitaka kusali, lakini hakupata hata lile neno moja. Alimwendea Sekela, akausogeza mkono wake, akaweka vidole vyake ndani ya kiganja cha binti.

"Nishike, mwanangu," alisema. "Vidole vyote. Kaza kwa nguvu zako zote."

Sekela alimtazama kwa mshangao, kisha akamtabasamia, kama mtu anayemvumilia mkubwa wake.

"Mbona nimeshakaza, Mwalimu."