Hodi Ukutani

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, alimdanganya mama mkwe wake kwamba kutoboa kuta ni kazi yake ya kila siku, Mola amsamehe. Drili hajawahi hata kuishika. Akaazima moja, akafunga madirisha ya mbao ili vumbi lisiwaudhi majirani, akaanza kazi ya kupachika rafu sebuleni kwa mama mkwe huyo. Ukuta wa zege ukamgomea. Drili ikalia, ikatoa moshi, ikaacha kovu tu.

“Baba, unautoboa au unaukuna?” mama mkwe akauliza. “Labda ungepiga hodi kwanza.”

Akaenda zake jikoni akicheka. Mwenzetu akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akaiegemea drili kwa uzito wake wote. Mara ikazama mpaka shinani, umeme ukakatika, chumba kikawa giza tupu. Akaichomoa. Kwa kujicheka mwenyewe, akanong’ona kwenye tundu: “Hodi.” Nyumba ile ilikuwa ghorofani, na nyuma ya ukuta hakuna chumba, ni hewa tu.

“Nakuja,” sauti ya kike ikaitikia kwa upole.

Alitaka kumwita mama mkwe, lakini aibu ya kuchekwa tena ikamfunga mdomo. Akabaki pale pale gizani, akisikiliza kandambili zikikokotwa ndani ya ukuta, kutoka mbali, zikija.