Kikombe Kisichoguswa

Sasson Dwek alikutwa amekufa mezani pake saa saba na robo mchana, siku ya Jumatatu, siku mbili kabla ya mfungo wa Kiyahudi wa Upatanisho. Alikuwa kitini, paji la uso limelala juu ya kitambaa cheupe. Kisogoni palikuwa na jeraha moja la duara, lisilozidi upana wa sarafu. Nyundo ya kufulia fedha ilikuwa sakafuni, na mpini wake ulikuwa umefutwa.

Inspekta Yihye Madmoni alisimama kwenye mlango wa chumba hicho kilichokuwa nyuma ya karakana ya marehemu, akakichunguza bila kugusa kitu. Nje, katika vichochoro vya mtaa wa Nahlaot, majirani walikwisha kusanyika na kila mmoja alikuwa na lake la kusema.

"Kesi imejifunga yenyewe, afande," alisema Sajini Lavi. "Mkwe wake, Zvulun Gindi, ndiye aliyetupigia simu. Tumemkuta amemkumbatia marehemu, damu hadi viwiko. Sahani mbili, watu wawili, mmoja amekufa. Hesabu ya darasa la kwanza."

"Ulifeli darasa la ngapi, Lavi?"

"La pili, afande."

"Ndiyo maana umekwama kwenye hesabu ya la kwanza. Tazama meza tena."

Lavi akatazama. "Mchuzi wa mbilingani. Kibbe, yale madonge ya nyama. Kipande cha mkate."

"Kisu kiko wapi?"

"Hiki hapa, kimefunikwa kwa leso."

"Kisu hufunikwa watu wakimaliza kula na kujiandaa kutoa shukrani ya chakula. Kipande cha mkate nacho huachwa, meza isibaki tupu. Na mbele ya marehemu pana nini?"

Palikuwa na kikombe cha fedha, kazi ya mikono yake mwenyewe, kimesimama juu ya kisahani. Divai ilikuwa imejaa pomoni, hata ikamwagikia kisahani kidogo. Hapakuwa na dalili ya mdomo ukingoni.

"Mimi nimekulia kijiji cha ujamaa, afande," alisema Lavi. "Kwetu tulishukuru kwa kuosha vyombo."

"Basi nisikilize. Wawili wakila, kila mmoja hushukuru kivyake. Wanaume watatu wakila pamoja, mmoja wao huwaongoza wenzake, na ndipo kikombe cha baraka huoshwa nje, kikasuuzwa ndani, kikajazwa hadi ukingoni. Wapo wanaokijaza hata wakiwa wawili, lakini wazee waliotoka mji wa Halab wanaosali mtaani humu hawafanyi hivyo."

Akavuka chumba, akaenda kwenye sinki. Sufuria lilikuwa chafu. Miiko ilikuwa michafu. Kwenye kichanja cha vyombo ilisimama sahani moja tu, bado inachuruzika maji.

"Muuaji gani huyu anayeosha sahani?" Lavi aliuliza.

"Aliyekula juu yake," alijibu Madmoni. "Chukueni alama za vidole kwenye bomba, migongo ya viti na kikombe. Divai isimwagwe."

*

Zvulun Gindi alikuwa na miaka thelathini na moja, mfua fedha kama baba mkwe wake. Katika chumba cha mahojiano aliweka mikono mezani, akaikodolea macho kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Mlikula wangapi?"

"Wawili."

"Nani aliyejaza kikombe?"

"Baba mkwe."

"Cha nini?"

Zvulun aligeuza viganja juu.

"Nimekuuliza, bwana Gindi. Kikombe kilikuwa cha nini?"

"Cha kunywa."

"Marehemu alikuwa akinywa divai katikati ya kazi?"

"Baadhi ya siku."

"Kisu kilichofunikwa?"

"Sijui."

"Sahani ya tatu?"

"Hakukuwa na sahani ya tatu."

"Ulimpiga wewe?"

"Andika unachotaka, afande."

"Mimi siandiki ninachotaka. Naandika kilichotokea. Kesho saa nane mchana hakimu ataletewa faili lako. Likiwa kama lilivyo sasa, utashitakiwa kwa mauaji. Mkeo ana mimba ya miezi minane. Umelipima hilo?"

"Nimelipima."

"Na umeona kwamba kuna mtu mzito kuliko mtoto wako?"

Zvulun akafumba macho.

*

Simha, mke wa Zvulun, alikuwa binti pekee wa marehemu. Waliishi ghorofa ya pili, juu ya karakana. Madmoni alimkuta ameketi kwenye kiti kifupi, amezungukwa na wanawake wa jirani. Akawaomba watoke.

"Pole sana, dada."

"Pole haifungui mahabusu, Inspekta. Mume wangu hakumwua baba. Alikuwa hapa kwangu."

"Saa ngapi?"

"Saa saba hivi. Nilikuwa nimelala, miguu imevimba. Akaja akaniamsha. Tukakaa kama dakika kumi, natafuta kilemba changu. Akatangulia. Nilikuwa bado ngazini niliposikia akipiga kelele."

"Alikuja kukuamsha kwa nini?"

"Baba alimtuma. Nishuke ninywe kidogo kikombe cha baraka. Mama alipokuwa hai, baba hakukosa kumpelekea. Husema mwanamke wa nyumba naye apate sehemu yake, hasa mwenye mimba."

Madmoni akaiweka kalamu chini. "Kikombe cha baraka. Kwa watu wawili?"

Simha aliinua uso.

"Baba hajawahi kukijaza kwa wawili," alisema polepole. "Hajawahi."

"Hukujua kwamba kuna mgeni?"

"Sikujua. Zvulun hakuniambia."

"Nitakuuliza swali moja, dada, na una haki ya kutolijibu. Mumeo anakubali kufungwa maisha. Ni kwa ajili ya nani angekubali?"

Simha aliweka mkono juu ya tumbo. Alijua kwamba jibu lolote litamwondolea mtu.

"Mimi sina kaka," alisema mwishowe. "Yeye hana ndugu. Ana baba."

"Baba huyo, Pinhas Gindi, hufika hapa?"

"Hajakanyaga hapa tangu harusi yetu. Miaka mitatu."

*

Jumanne asubuhi Sasson Dwek alizikwa. Madmoni alisimama nyuma ya waombolezaji akihesabu nyuso. Pinhas Gindi hakuwepo.

Saa nne majibu ya maabara yalifika. Kwenye kikombe zilikuwamo alama za mtu mmoja tu, marehemu. Kwenye bomba la sinki na mgongo wa kiti kimoja zilikuwamo alama za mtu ambaye si marehemu, si Zvulun, wala si Simha.

Saa tano kasorobo Madmoni na Lavi walibisha mlango katika majengo ya mtaa wa Katamonim. Aliyefungua alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu zilizokatwa fupi, dereva wa teksi aliyekwisha kustaafu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi kwa uangalifu.

"Polisi," alisema Pinhas. "Karibuni. Mmekuja kuhusu mwanangu. Ngoja niwatengenezee kahawa."

"Hatunywi kazini, mzee."

Pinhas alicheka bila furaha. "Hata nyinyi. Kumbe mikono hii haifai hata kwa kahawa."

Lavi alikuwa anafungua daftari. Madmoni akamzuia kwa ishara. Alivuta kiti, akaketi.

"Nimekosa adabu," alisema. "Tengeneza, mzee. Nitakunywa."

Kahawa ikaja. Madmoni aliinywa yote, hadi machicha, huku mzee akimtazama kila funda. Kisha akaweka kikombe chini.

"Nani aliyekuambia kwamba mikono yako haifai?"

"Maneno ya uzee tu."

"Jana saa saba ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Na nani?"

"Na picha ya marehemu mke wangu. Muulizeni."

"Leo hukwenda kumzika mkwe mwenzio."

"Hatukuwa marafiki."

"Mzee Gindi, bomba la sinki la Sasson lina alama za vidole. Naweza kukupeleka kituoni tukazilinganisha na zako. Lakini sikuja kushindana nawe. Saa nane mwanao atasimama mbele ya hakimu. Hajasema jina lako. Hatalisema. Nimewahoji watu kwa miaka ishirini na sita, namjua anayeficha na namjua aliyeamua kufa. Mwanao ameamua. Mtoto wake atazaliwa, na siku atakapotembea, atatembezwa gerezani. Je, ndivyo unavyotaka?"

Pinhas alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Aliketi kwa uzito, kama gunia lililotuliwa.

"Nilimwambia asinyamaze," alisema. "Alinisukuma nje ya mlango wa nyuma. 'Nenda, baba, nenda.' Nikaenda. Baba gani huenda?"

"Anza mwanzo."

"Zvulun ndiye aliyepanga. Alisema, mfungo unakaribia, mtoto anakaribia, pataneni. Tena Simha asiambiwe mpaka mambo yatengemae, asije akapata uchungu mapema. Nikaenda. Tulikula. Sasson hakunitukana; aliniuliza hata habari za mgongo. Nikasema moyoni, basi yameisha. Kisha akaosha kikombe, akakijaza. Akamtuma Zvulun akamwite mkewe. Tukabaki wawili."

"Endelea."

"Mimi ndiye mgeni. Mwenyeji humega mkate, mgeni hubariki. Hata mtoto anajua. Nikanyoosha mikono yote miwili, kama inavyopasa. Akaweka kiganja chake juu ya kikombe. Akasema, 'Usiguse, Pinhas. Ukiigusa divai hii, itabidi niimwage.'"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilivunja Sabato hadharani. Kwa watu wakali kama Sasson, divai iliyoguswa na mtu wa namna hiyo hainyweki, kama ile ya waabudu sanamu." Aliitazama ile picha. "Mke wangu alilazwa miezi kumi na minne, hospitali ya ng'ambo ya mji. Siku sita nilikwenda kumwona. Ya saba nimwache atazame dari peke yake? Niliendesha teksi, japo imekatazwa siku hiyo. Sasson aliniona nikipita mbele ya sinagogi lake. Hakuniuliza ninakwenda wapi. Siku ya harusi ya mwanangu aliipokonya chupa mkononi mwangu, watu mia tatu wanatazama. Nikaimeza aibu hiyo."

"Na jana?"

"Jana nikamwuliza kwa upole. Nikasema, Sasson, mtoto akiwa wa kiume, siku ya nane kwenye tohara kuna kikombe. Niruhusu nikishike siku hiyo moja tu. Akasema, 'Wala siku hiyo. Si wewe.' Kisha akanigeuzia kisogo, akawa anafunika kisu. Anafunika kisu, Inspekta, ili amani ikae mezani! Nyundo ilikuwa rafuni, karibu na mkono wangu."

Lavi alikuwa ameacha kuandika. Madmoni akamkazia jicho, kalamu ikaendelea.

"Ulipiga mara ngapi?"

"Moja."

"Kisha?"

"Nikafuta nyundo. Nikaosha sahani yangu."

"Kuficha ushahidi?"

"Sikufikiri ushahidi. Nilitaka nisiwe nimekula kwake."

"Kikombe ulikiacha kimejaa. Ungekimwaga, mzee, tungesema walikula wawili, na mwanao angekuwa amekwisha."

Pinhas alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kukimwaga lazima nikishike. Alisema nikikigusa kitamwagwa. Nisingemfanya awe na haki, hata akiwa maiti."

Madmoni akainuka. "Pinhas Gindi, nakukamata kwa kosa la kumwua Sasson Dwek. Ulitendewa dhuluma, na nitaiandika yote. Lakini uliyempiga alikuwa amekupa kisogo. Hilo nalo nitaliandika. Vaa kofia yako."

*

Saa saba na nusu Zvulun aliletwa ofisini. Alimkuta baba yake amefungwa pingu.

"Baba! Kwa nini?"

"Kaa kimya, mwanangu. Umeshakaa kimya vibaya, sasa kaa kimya vizuri."

Madmoni alisoma hati bila kupandisha wala kushusha sauti. Tuhuma ya mauaji dhidi ya Zvulun ilifutwa. Shitaka la kuzuia upelelezi lilibaki. Angetoka kwa dhamana.

"Afande," Lavi alinong'ona, "hata hilo dogo? Baada ya yote haya?"

"Sheria haina mkwe, Lavi. Andika."

Mlango ukafunguliwa. Simha aliingia na ukosi wa gauni lake umechanwa kwa msiba. Hakuna aliyemwita, alikuwa amekaa koridoni tangu makaburini. Alisimama mbele ya Pinhas, na mzee akainamisha kichwa.

"Binti yangu," alisema Pinhas. "Kesho jioni tunafunga. Nakuomba msamaha."

"Ulikuwa unakwenda kwa mama mkwe hospitalini," alisema Simha. "Kila Sabato. Zvulun aliniambia mwaka jana. Nilimwambia baba kwamba alikukosea. Nilimwambia usoni, akaacha kusema nami wiki nzima. Nilikuwa upande wako."

Pinhas akaanza kulia.

"Lakini anayeweza kukusamehe tumemfukia leo asubuhi," alisema Simha. "Mimi sina funguo za mlango wake."

Askari wakamwondoa mzee. Zvulun alitia sahihi karatasi zake, akamfuata mkewe hadi ukumbini.

"Alikuwa baba yangu, Simha."

"Na aliyekufa?"

Zvulun alizikunja karatasi zake.

"Usiku mzima nimelala na swali kama ni wewe uliyefanya," alisema Simha. "Uliniacha nalo. Ulikuwa tayari kuniacha nalo maisha yangu yote."

Akatoka nje kwenye jua. Ngazi za kituo zilikuwa sita, ndefu, bila kishikio. Alishuka ya kwanza, akashuka ya pili, kisha tumbo likamziba asiione ya tatu. Alisimama. Zvulun alisimama nyuma yake, hakuthubutu kumkaribia.

Simha hakugeuka. Alinyoosha tu mkono nyuma, kiganja wazi, akangoja ushikwe.